Dhiraa Moja ya Ukuta

Jumanne, tarehe 30 mwezi wa Februari, mwaka wa 2003. Usiitafute siku hii katika kalenda yako, msomaji, kwa maana haimo. Ilikuwamo katika mji mmoja tu, mji ambao ramani huupita kwa aibu, kama mtu anavyopita mbele ya nyumba yenye msiba asijue amwambie nini mwenye nyumba. Wayahudi wa mji ule walikuwa na desturi ya kuwasha mshumaa kila mwaka katika siku aliyokufa mzazi wao, mshumaa mfupi mnene ndani ya glasi, unaowaka usiku kucha na mchana kutwa. Lakini miaka ya Maangamizi iliwachukua watu wao kwa maelfu, ikawapakia katika mabehewa ya ng'ombe, ikawateketeza, na haikumwachia yeyote tarehe. Je, utamwashia lini mshumaa mama ambaye hakuna ajuaye alikufa lini? Wengine walichagua siku ya kwanza ya majira ya baridi, wengine siku waliyoota ndoto mbaya, wengine hawakuchagua, wakakaa na kiberiti mkononi mpaka wakazeeka. Mwishowe mji wenyewe ukawahurumia. Ukajinyoosha kidogo kati ya Februari na Machi, ukazaa siku ya ziada, ili wafu wasio na siku wapate mahali pa kuketi.

Hata mwaka wa siku hiyo haukutulia. Waliobaki waliuhesabu 2003, walioondoka waliuhesabu 1943, na mtu aliweza kuanza kuvuka barabara katika mwaka mmoja akafika ng'ambo katika mwaka wa pili, soli za viatu vyake zikiwa na matope ya yote miwili.

Asubuhi ya siku hiyo, mchoraji mmoja aitwaye Perla, mwanamke wa miaka sitini na miwili, alisimama peke yake ndani ya Nyumba ya Mkutano akiutazama ukuta unaoelekeana na mlango. Ukuta huo alikabidhiwa na wazee wa mji tangu majira ya joto yaliyopita. Walimwambia auchore wote, toka sakafu hadi dari, kwa ajili ya wale wasio na makaburi, na kwamba milango ingefunguliwa saa tisa alasiri ya siku ya thelathini. Perla alifanya kazi miezi minane. Alichora kinara cha matawi saba, kila tawi likiwa na moto wenye umbo tofauti, kwa kuwa hakuna watu wawili wazimikao kwa namna moja. Alichora mikono miwili iliyoinuliwa kubariki, vidole vyake vikiwa vimeachana kama vichongwavyo juu ya makaburi ya makuhani. Alichora mshumaa uliovunjika katikati, alama ambayo watu wake huiweka kaburini mwa mwanamke. Alichora nyota ya ncha sita mara mbili: mara moja ikiwa angani, ya dhahabu, na mara moja ikiwa kitambaa cha manjano kilichoshonwa kifuani mwa koti, nyuzi zake zikionekana moja moja, kwa sababu alitaka anayetazama ajue kwamba hata aibu ile ilishonwa na mkono wa mtu, na pengine mkono huo ulikuwa wa mama aliyejitahidi ishonwe vizuri.

Jambo moja alilikataa katika ufundi wake wote. Wachoraji wana rangi nyeusi inayotengenezwa kwa mifupa iliyochomwa. Ni nyeusi nzuri, yenye kina, na huuzwa dukani ndani ya kopo kama rangi nyingine yoyote. Perla hakuigusa maishani. Nyeusi yake aliitengeneza mwenyewe kwa vijiti vya mzabibu alivyovichoma taratibu chunguni, akavisaga, akavichekecha kama unga wa mtoto mchanga.

Na katikati ya ukuta, sawasawa na macho ya mtu anayeingia mlangoni, alichora uso wa mwanamke.

Uso huo ndio uliokuwa kiu yake. Perla hakumjua mama yake. Alipokuwa na miaka miwili na ushei alitiwa ndani ya kapu la nguo chafu, akafunikwa kwa mashuka, akapitishwa juu ya ua hadi mikononi mwa mwanamke mfuaji aliyekuwa mtu wa kabila jingine na dini nyingine. Mfuaji yule alimlea kwa mapenzi, akampa jina la Perla kwa sababu hakujua lake, na alipoulizwa baadaye juu ya mama wa mtoto alisema aliona mikono tu. Ilikuwa alfajiri yenye ukungu, akasema, na mikono ile ilikawia kuliachia kapu.

Basi Perla alikua na swali ambalo wengine huliuliza wakiwa watu wazima na yeye alizaliwa nalo. Mtu aliyeuawa katika siku isiyojulikana, alikufa lini? Na ikiwa hakuna siku aliyokufa, je, siku zote bado anakufa? Waliowaua walikuwa na uwezo wa kuandika. Waliandika majina, idadi, uzito wa nywele, jozi za viatu. Waliandika kila kitu isipokuwa saa ambayo mwanamke mmoja alikoma kuwa mama wa mtu. Kwa hiyo Perla aliamini kwamba saa ile haijapita. Iko mahali fulani, bado inaning'inia, na mtu akiweza kuuchora uso ule jinsi ulivyokuwa hasa, saa itaanguka chini, na mwanamke yule ataruhusiwa kupumzika, na binti yake ataruhusiwa kulia.

Mama. Nyusi zako zilikutana? Ulikuwa na kidoti? Ulipotabasamu, upande upi ulitangulia?

Nimekuchora mara mia nne. Kila mara umenitazama kama mgeni mwenye adabu.

Kitu kimoja tu alikibeba kutoka katika nyumba ya kuzaliwa kwake, nacho alikuwa nacho katika umri ambao watu husema mtoto hawezi kukumbuka. Alikumbuka amelala chali, na mbele yake kuna ukuta wa kijivu, na katika ukuta huo kuna mraba mmoja mweupe kuliko sehemu nyingine, unyevunyevu, wenye harufu ya chokaa mbichi. Hakujua ni nini. Aliuchora katika kila picha aliyowahi kuifanya, mdogo, pembeni. Wataalamu waliandika juu ya mraba huo. Mmoja alisema ni dirisha, wa pili akasema ni ukurasa mtupu, wa tatu akathibitisha kwa kurasa kumi na nne kwamba ni shuka la mfuaji. Perla aliwasoma wote kwa heshima na hakumwamini hata mmoja.

Sasa, siku ile, yapata saa nne asubuhi, mlango ulisukumwa akaingia Mzee Zelig. Huyu alikuwa fundi wa kupiga lipu, mtu wa karibu miaka tisini, ambaye kabla ya Maangamizi alizipiga lipu nyumba nyingi za mtaa wa Wayahudi, na baada ya Maangamizi alirudi akakuta kuta zimesimama na watu hawapo. Wazee wa mji walimtuma aje auguseguse ukuta, ahakikishe haukunywa maji kabla watu hawajaingia. Alikuja na fimbo mkono mmoja, na mwiko wake wa kazi ukichungulia katika mfuko wa koti, kama kalamu ya karani.

Alimwamkia Perla, akauliza kama amekula, na alipoambiwa bado akamkaripia kidogo. Kisha akatandaza kiganja ukutani, akagonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole, akisikiliza kama tabibu. Akasema lipu iko imara, jambo la kushangaza kwa kuwa imepigwa na vijana.

"Ninyi wachoraji na sisi wapiga lipu kazi yetu ni moja," akasema. "Kufunika. Ila ninyi mkishafunika, mnatia sahihi."

Perla akamjibu kwamba angalau kazi yake yeye haijawahi kumwangukia mtu kichwani. Mzee akacheka hadi akakohoa. Akarudi nyuma hatua tatu, hatua nne, apate kuuona ukuta wote, na kadiri alivyorudi ndivyo kicheko kilivyomtoka. Macho yake yalitafuta kitu. Yalipita juu ya kinara, juu ya mikono ya baraka, yakashuka, yakapanda, yakarudi mlangoni na kuanza upya.

"Mwanangu, dhiraa iko wapi?"

Perla hakumwelewa. Ikabidi mzee aeleze, na alieleza polepole, kwa mshangao wa mtu anayemweleza mwenziwe kwamba maji hulowesha. Alisema tangu Hekalu lilipobomolewa Yerusalemu, Myahudi ajengapo nyumba huacha sehemu ya ukuta unaoelekeana na mlango, dhiraa moja kwa dhiraa moja, bila lipu wala rangi. Tofali tupu. Ili kila aingiaye, hata siku ya harusi, hata akiwa na mtoto mchanga kifuani, akumbuke kwamba kuna nyumba moja haijasimama bado. Fundi yeyote alijua. Hukuambiwa, uliacha. Na mahali pa dhiraa hiyo ni pale hasa katikati, sawasawa na macho ya aingiaye.

Pale ulipokuwa uso.

Perla alijisikia kama mtu aliyepika karamu akaambiwa wageni wamefunga. Alilelewa na mfuaji, alisema kwa sauti ndogo. Alama zote hizi alijifunza vitabuni na makaburini, akiwa mtu mzima, alama moja baada ya nyingine, kama mtu ajifunzaye kusoma wakati nywele zimekwisha kuwa nyeupe. Vitabuni aliona vitu vilivyochorwa. Hakuna aliyemwonyesha kitu kilichoachwa. Wakabishana kwa muda, yeye akisema kwamba wafu hawa wameachwa watupu vya kutosha, mzee akisema kwamba nyumba ya ukumbusho isiyo na dhiraa ni duka la picha. Hakuna aliyepaza sauti. Ulikuwa ubishi wa watu wawili wanaojua kwamba saa tisa haiko mbali.

Ndipo Mzee Zelig, akiinama kuokota fimbo iliyomponyoka, akauona mraba mdogo mweupe alioufanya Perla chini kabisa, pembeni mwa ukuta.

Hakuinuka upesi. Alipoinuka alishika kingo za ndoo ya rangi iliyofunikwa, akaketi juu yake. Akauliza ule ni nini. Perla akamwambia alilowaambia watu wote, kwamba hajui, kwamba ndicho kitu pekee anachokikumbuka. Mzee akauliza kama ulikuwa mweupe kuliko ukuta. Ndiyo. Kama ulikuwa mkubwa kadiri gani. Perla akaonyesha kwa mikono. Kama ulikuwa mkavu. La, akasema Perla, ulinuka chokaa.

Barabarani mwaka wa 1943 ulikuwa ukipita na mikokoteni yake.

"Katika mji huu wote," akasema Mzee Zelig, "ni nyumba moja tu niliyoiziba dhiraa yake."

Kisha akasimulia, akitazama mikono yake. Ilikuwa nyumba ya Anshel, fundi wa saa, ghorofa ya pili nyuma ya kinu cha unga. Mke wa Anshel alimwita siku ya Alhamisi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mikono yake myeupe kwa unga hadi kwenye viwiko, na mtoto alikuwa amelala kitandani, mtoto mwenye homa aliyelala akitazama ukuta kutwa. Akamwambia Zelig aizibe ile dhiraa tupu. Zelig akakataa. Akamwambia hiyo si kasoro, ni ukumbusho, hata mumewe angemwambia hivyo. Na yule mwanamke akaweka mikono kiunoni, unga wote ukabaki kwenye gauni.

"Akaniambia: 'Bwana Zelig, Hekalu limebomoka miaka elfu mbili, na anayekosa ukuta bado ni mimi?'"

Mzee alitabasamu bila kutaka. Kisha sauti ya mwanamke ikashuka, akamwonyesha kitanda. Alisema nje kila kitu kimekwisha kuvunjwa, madirisha, maduka, watu. Mtoto huyu hajaona kitu kizima tangu azaliwe. Akiamka, aone ukuta mzima. Basi Zelig akachanganya chokaa, akaziba. Akapewa kipande cha mwisho cha mkate wa Sabato, ule unaosukwa kama nywele za msichana, akakila ngazini. Baada ya majuma sita mtaa ulizingirwa, watu wakapelekwa kituoni. Yeye alitoroka kupitia kwenye kinu.

"Kuta mia tatu niliziacha kila mmoja na jeraha lake," akasema. "Mmoja niliuponya. Miaka sitini najiuliza kama ni huo ulioleta balaa."

Perla alimwambia kwamba wale waliokuja na orodha hawakutazama kuta.

"Najua. Mchana wote najua. Alfajiri ndiyo nasahau."

Perla alikuwa amepiga magoti mbele yake, bila kukumbuka amepiga magoti lini. Aliuliza jina. Aliliuliza kama mtu anayeomba maji, bila mapambo.

"Gitla," akasema mzee. "Gitla wa Anshel. Nawe walikuita Brana. Alikuita Branele, hata ulipomtapikia."

Gitla. Mdomo unafunguka kidogo tu kulitamka, ulimi unagusa nyuma ya meno, basi. Jina dogo. Linaenea katika kiganja. Miaka sitini nimemwita kwa cheo chake, kama karani. Gitla. Ulikuwa na unga viwikoni. Ulikuwa na utani. Hakuna aliyeniambia kwamba ulikuwa na utani.

Alipoweza kusimama alimshika mzee mkono akamwongoza hadi mbele ya uso ule katikati ya ukuta. Uso ulikuwa mzuri. Kila aliyeuona katika miezi minane, wapasua mbao, wafagizi, wazee wa mji, alinyamaza mbele yake. Macho yake yalikuwa na huzuni ya kifalme, paji lake tulivu. Perla aliweka ndani yake kila kitu alichokikosa.

"Mzee Zelig, ni yeye?"

Neno moja lingetosha. Mzee alikuwa mtu mkarimu, na jua lilikuwa linaingia dirishani kwa namna nzuri, na mwanamke mwenye nywele nyeupe alikuwa amemshika mkono kama mtoto. Perla aliuona uongo ukimpanda kooni, uongo laini, uliochanganywa vizuri, tayari kwa mwiko. Mzee alifungua kinywa. Akakifunga. Akamtazama mwanamke wa ukutani kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote siku hiyo.

"Si yeye, mwanangu."

Akaongeza upesi, kama mtu anayekimbilia kumdaka aangukaye, kwamba hawezi kumweleza alikuwaje. Alikuwa akikumbuka unga, sauti, gauni la rangi ya buluu iliyofifia. Uso ulikuwa umemtoka. Alijua tu kwamba si huu. Gitla hakuwa na utulivu namna hii, Gitla alikuwa mtu wa kukatiza maneno ya watu. Akasema pia kwamba hakuna mwingine aliye hai anayejua. Yeye siku zake zinahesabika, na angekwenda na siri hiyo. Uso na ubaki. Watu watalia mbele yake, na machozi yao yatakuwa ya kweli.

Perla alikwenda dirishani. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wameanza kukusanyika, kila mmoja na mshumaa wake ndani ya glasi, wengine wakiwa wazee, wengine wakiwa wazee hao hao katika umri wa miaka kumi. Alifikiri juu ya mwanamke aliyeomba ukuta mzima. Kama angekwangua sasa, angekuwa anaivunja kazi ambayo mama yake aliisimamia mikono kiunoni. Kama asingekwangua, angekuwa anamwonyesha kila aingiaye mwanamke mwingine na kumwita Gitla. Na Gitla, ambaye hana kaburi, angefukiwa chini ya uso wa mgeni. Aliwaza haya kwa utaratibu, akiyapima upande huu na upande ule, na yote mawili yalimuuma sawasawa, mpaka alipokiona tena akilini kitanda kile, na mara hii akaona kitu ambacho kilikuwapo tangu mwanzo. Ule mraba mweupe hakuutazama peke yake. Kulikuwa na mtu chumbani. Kulikuwa na mlio wa sufuria, na nyayo, na mtu aliyekuwa akipitapita kati ya kitanda na ukuta.

"Ukuta mzima ulikuwa wa mtoto aliye na mama," akasema, akigeuka. "Mama aliuomba kwa sababu alikuwamo chumbani. Nipe mwiko wako, Mzee."

Mzee Zelig aliutoa mfukoni, akaupangusa kwenye koti, akampa. Perla alipotaka kupima kwa rula mzee akamzuia. Dhiraa haipimwi kwa rula, alisema. Hupimwa kwa mkono wa mtu, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na katika nyumba hii mkono ni wako. Perla akakunja mkono wa gauni. Akaulaza mkono wake juu ya uso ule, toka sikio hadi sikio na zaidi, mzee akatia alama kwa mkaa. Kisha ukingo wa pili, kisha wa tatu. Mkono wake ulikuwa mfupi. Mzee alisema dhiraa yake mwenyewe ingekuwa kubwa zaidi, na kwamba Gitla alilazimika kupanda kigoda kufikia rafu.

Kisha akakwangua. Macho yalitangulia, maana hakutaka yaone. Rangi ilitoka kama maganda, chini yake chokaa, chini ya chokaa mchanga, na miezi minane ikamwagika juu ya viatu vyake kwa sauti ya nafaka. Alilia, na hakuona haja ya kusimamisha kazi ili alie. Mzee alichomoa vipande vigumu kwa kucha. Saa nane na nusu walifika kwenye matofali, mekundu, yasiyolingana, moja likiwa na alama ya kidole cha mtu aliyelifinyanga kabla halijakauka.

Saa tisa milango ikafunguliwa. Watu waliingia taratibu na mishumaa yao, na kila aliyevuka kizingiti macho yake yalikwenda pale pale, katikati, kwenye dhiraa moja ya tofali tupu iliyozungukwa na kila alama ambayo watu wake waliwahi kuichora. Mwanamke mmoja mwenye kilemba cha kijani alisogea karibu. Alimuuliza Perla, kwa upole, kama kazi haikuwahi kumalizika.

"Hapo yuko mama yangu," akasema Perla. "Anaitwa Gitla."

Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa, akalirudia jina hilo ili asikosee. Akageuka, akamwambia aliyekuwa nyuma yake. Huyo naye akamwambia wa nyuma yake, na jina likaenda likitoka nje ya mlango, likashuka ngazi, likavuka barabara hadi upande wa 1943, ambako mwanamke mdogo wa umbo aliyekuwa akipita na kapu la nguo aligeuza kichwa kama mtu aliyeitwa.

Nawe uliyefika hapa umesimama katika mstari huo huo, na jina limekufikia. Gitla, mke wa Anshel. Hana kaburi, hana tarehe, uso wake haupo kwa mtu yeyote. Kuna aliye nyuma yako. Geuka umwambie.